UZI: Kulala porini kwa hema ukibeba kila kitu mgongoni (kwa sisi wa Dar)

Mbeba Begi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi kikikaribia, watu wanaanza kuulizana: "Tunataka kwenda kulala msituni, tununue hema gani?" Hapo mabishano yanaanza. Huyu anasema la Kariakoo linavuja, yule anasema mtumba wa Karume ndiyo mpango, mwingine ameagiza nje na anataka wote tujue bei. Kwangu mimi hema ni swali la tatu huko. La kwanza ni maji ya pale mtakapolala.

Nazungumzia kambi ambayo gari haifiki. Ile ya ufukweni Kigamboni, unapaki, unashusha dumu, jiko la mkaa na kreti la soda, ina uzi wake. Hapa unaacha barabara, unatembea saa kadhaa, unafika kwenye uwazi mdogo katikati ya miti. Hakuna bomba wala umeme. Choo ni shimo, pengine hakuna kabisa. Utakachotumia ni kile kilichopanda mgongoni kwako.

Sasa tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina punguzo. Mtu anayetembea kwenye joto letu, akanywa vizuri na kupika, lita nne hadi tano kwa siku zinaisha na hata uso hajanawa sawasawa. Ukilala usiku mmoja mahali pasipo na maji, ukaondoka asubuhi na kurudi kesho yake mchana, ni kilo saba au nane za maji peke yake. Bado hujaweka hema, chakula, nguo wala sufuria. Kambi yenye kijito cha kudumu unabeba lita mbili za njiani na dawa ya kutibia maji, basi. Ndiyo maana nikisikia mtu kanunua hema la watu wanne "ili tukae kwa nafasi" na hajauliza maji, najua kabisa katikati ya mlima atatafuta wa kumsaidia.

Kutokea Dar, misitu miwili inaonyesha tofauti hiyo vizuri.

Wa karibu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Ukipita Gongo la Mboto huli hata nusu siku. Ni masalia ya msitu wa pwani. Yumo komba mdogo wa Rondo, mnyama ambaye dunia nzima anapatikana kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Kuna mahandaki ya zamani yaliyochimbwa kaolini (udongo mweupe wa kutengenezea vyombo), na popo wake wakianza kutoka jioni utasimama uangalie mpaka shingo iume. Mto Msimbazi, huu huu unaofunga barabara pale Jangwani, chanzo chake ni vilima hivyo. Lakini jina la mto lisikudanganye. Kiangazi usitegemee vijito vya kule juu. Pugu ichukulieni kama kambi kavu.

Wa mbali ni Udzungwa, milima iliyo kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na utalii wake ni wa miguu. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 hivi na yanaendeka kwa siku moja. Wanaotaka kulala ndani wana njia ya kilele cha Mwanihana, siku tatu na usiku mbili. Lango la Mang'ula liko chini, mita mia tatu na kitu kutoka usawa wa bahari. Kilele kinapita mita 2,000. Maana yake ni mwinuko unaotafuta magoti yako yalipo. Ila msitu ule una maji, na ndiyo maana safari ya siku tatu inawezekana bila kuajiri kijiji kizima kubeba.

Karibuni tujadili. Ya bei sitajibu, viingilio vinabadilika. Ulizeni TFS au TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) wenyewe kabla ya kuondoka, na kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa.

Kaptula

Napiga kambi hapa 😂

Mpwa wa Ilala

Yaani nimelala kwenye nyumba ya makuti kwa bibi miaka yote, nimekuja mjini kutafuta maisha, leo nilipie kwenda kulala chini? Dar kuna maajabu.

Hata hivyo nauliza kwa nia njema. Spika ndogo inaruhusiwa? Ile ya kubeba mkononi, si ya harusi.

Mbeba Begi

@Mpwa wa Ilala iache nyumbani. Sheria weka pembeni kwanza. Unatembea siku nzima ili uone mbega na kima, halafu unawatangazia kwamba umefika? Udzungwa yupo mangabei wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 1979 na haishi popote nje ya milima ile. Ukikaa kimya asubuhi unaweza kumsikia kabla hujamwona. Ukiwasha singeli utaona miti tu.

Mluguru wa Msamvu

Nyongeza kutoka Morogoro. Watu wa Dar mnakufa na baridi kwa kiburi. Mnakuja Uluguru Julai na fulana, eti "sisi tumezoea kulala bila shuka". Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6. Dar usiku wa kipupwe ni kwenye 20. Panda mita 2,000, toa 12, halafu ongeza upepo na ukungu, na fulana yako imelowa jasho.

Nawapa siri ya wabeba mizigo wetu. Nguo ya kulalia haitembelewi. Ina mfuko wake wa plastiki mgumu katikati ya begi na haiguswi mpaka hema limesimama. Suruali ya kutembelea hata ikilowa chapachapa, kesho asubuhi unaivaa hivyo hivyo ikiwa mbichi. Inauma dakika kumi, kisha inakauka mwilini. Anayevaa nguo kavu asubuhi ili ajisikie vizuri, usiku atalala na nini?

Na baridi kubwa inatoka chini, si juu. Blanketi tatu juu yako bila kitu chini ni kazi bure. Kipande cha sponji ya godoro unene wa inchi moja, kikatwe kuanzia mabegani mpaka makalioni. Miguu iweke juu ya begi tupu. Kinakunjwa, kinafungwa nje ya begi, na hakipasuki kama godoro la upepo.

Binti Mjimwema

Asante mleta uzi, na asante Mluguru, hiyo ya sponji naichukua.

Mimi nina maswali ambayo naona mnayazunguka. Choo kinakuwaje? Na sisi wanawake, usalama ukoje? Mama yangu hajui kama nimeuliza hili.

Mbeba Begi

Dada yangu, hakuna aibu hapa, hayo ndiyo maswali yenyewe.

Choo. Pasipo na shimo la kambi unachimba lako. Beba kijembe kidogo au sepetu ya bustani. Nenda mita 60 kutoka kwenye maji, njia na mahema, yaani hatua themanini na zaidi. Shimo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, kiasi cha kiganja kilichonyooshwa. Hapo udongo bado ni mweusi na una wadudu wa kumaliza kazi. Ukichimba zaidi hapo unafika kwenye udongo usio na uhai, vitu vinakaa miezi. Fukia, weka majani juu. Karatasi za chooni, na hasa taulo za kike, hazifukiwi, wanyama wanafukua. Zinaingia kwenye mfuko wa kufunga, mfuko ndani ya kopo lenye mfuniko, mnarudi nalo mjini. Weka majani makavu ya chai humo ndani, harufu inapungua sana.

Usalama. Udzungwa huingii peke yako, unapewa askari wa hifadhi mwenye silaha kwa sababu kuna tembo na nyati. Kwenye misitu ya TFS nenda na mhifadhi au muongoza njia anayejulikana ofisini kwao, siyo kijana mliyekutana naye stendi. Mwachie mtu wa Dar karatasi: njia gani, lango gani, mnatoka saa ngapi, na ikifika saa fulani kimya ampigie nani. Mtandao huko ndani hautabiriki, kwa hiyo "nitapiga nikifika" si mpango.

Mama mwambie tu. Atakufungia na maandazi.

Fundi Turubai

Mleta uzi umelidharau hema sana. Mimi nashona maturubai, hema nalitetea.

Hema nyingi za bei rahisi ni za kitambaa kimoja. Pwani yetu hewa ni nzito, watu wawili wanapumua usiku kucha, asubuhi kuta zinatiririka na mtu anasema hema linavuja. Halivuji. Ni pumzi zenu. Tafuta lenye tabaka mbili: la ndani wavu, la nje kifuniko cha mvua, na visigusane. Ukilipata la mtumba, usilikague pale sokoni kwa kulishika tu. Pitisha kucha kwenye mishono ya sakafu. Ule utepe wa ndani ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, hilo limezeeka, achana nalo au punguza bei ununue na gundi ya mishono. Zipu ifungue na kuifunga mara nyingi kwa mkono mmoja, kwa sababu usiku mkono wa pili umeshika tochi. Hesabu fito zake, na uangalie kamba ya ndani ya fito kama bado inavuta.

Halafu lisimamishe uani, lipige maji ya mpira robo saa, uingie ndani na tochi. Ni bora ulijue kwako Tabata kuliko Mwanihana.

Mbeba Begi

@Fundi Turubai nakubali yote. Bado ni swali la tatu 😄

Kaptula

La pili ni lipi sasa? Umeturusha.

Mbeba Begi

Chakula na moto wa kukipikia, mkuu. Nilijua mtauliza.

Msiende kuwasha kuni. Kiangazi majani yamekauka, upepo upo, na katika hifadhi moto unawashwa pale tu unaporuhusiwa. Kwa Pugu kuna jambo la ziada. Msitu ule umeliwa miaka mingi na mkaa wa kupikia maharage yetu hapa mjini. Kwenda kuukata vijiti ili tupige picha na moto ni kuumalizia.

Mtungi wa gesi wa kilo sita hauingii mgongoni, ukiwa umejaa unakaribia kilo kumi na tatu. Jiko la mchina linamwaga mafuta ya taa kwenye begi, na ugali wako utanukia mpaka Jumanne. Kilicho chepesi na kinachopatikana ni jiko dogo la spiriti, spiriti ile ya dukani kwa wauza rangi, kwenye chupa iliyoandikwa kubwa ili mtu asiinywe gizani. Linachemsha maji ya chai na ya tambi. Moto wa spiriti mchana hauonekani, kwa hiyo usiongezee kabla hujahakikisha umezima na jiko limepoa. Kamwe usiliwashe ndani ya hema.

Ndipo unapanga chakula kwa kufuata jiko. Mchele unakula moto na maji, uache. Siku ya kwanza chapati na mayai ya kuchemsha. Baada ya hapo tambi, uji wa lishe, dagaa wa kukaanga, karanga, tende, kashata. Vya makopo ni vizito, na kopo tupu unarudi nalo.

Chapati Moto

Bila moto wa kuni hiyo siyo kambi, ni mkutano wa watu wenye tochi. Babu zetu walilala porini na moto ndiyo uliwafukuza wanyama.

Mluguru wa Msamvu

@Chapati Moto babu zako walikuwa wangapi kwenye msitu mkubwa kiasi gani? Hoja yako ingekuwa na uzito kama msitu ungekuwa bado ule ule.

Chapati Moto

Haya, nimekaa. Ila uji wa spiriti hapana.

Mzee wa Kisarawe

Nimesoma kimya, niwaongezee ya huku kwetu.

Siafu. Mtu anaogopa chui, kumbe atakayemtoa kwenye hema ni siafu. Wanatembea hasa baada ya mvua na usiku. Kabla ya kusimamisha hema zunguka mahali pale na uangalie chini, siyo juu tu. Ukiona mstari mweusi unaong'aa unavuka njia, pembeni yake askari wenye vichwa vikubwa wamesimama wamefumbua meno, hapo hapakaliki, ondoka mbali. Jirani yangu alilaza wageni, wakaacha mlango wa hema wazi kiasi cha vidole viwili ili kupata hewa, na ndani kulikuwa na mifupa ya kuku. Walitoka saa nane usiku mmoja mmoja wakivua nguo, heshima zote zikabaki ndani. Siafu huwakung'uti wakatoka, mmoja mmoja unamng'oa kwa vidole, na kichwa kinaweza kubaki kimeuma. Dawa ni zipu kufungwa mpaka mwisho na chakula kutolala na mtu.

Upupu. Yale maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia yanayong'aa. Usisugue, ukisugua umeupanda. Bandika soletepu, bandua, rudia mpaka vinyweleo vitoke, ndipo unawe. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, na jioni kagua kupe nyuma ya magoti na kwenye kiuno.

Angalieni na juu pia. Tawi kavu halina taarifa.

Na wale mnaopenda nguo za mabakamabaka kwa sababu "ni za porini", acheni. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi. Mwaka 2023 JWTZ walitangaza watu wayasalimishe. Kofia, begi, suruali, vyote. Usiharibu safari kwa begi la mtumba.

Binti Mjimwema

Shikamoo mzee. Na kile kilio cha usiku? Shoga yangu alilala Pugu akasema kuna mtoto analia msituni, hakulala tena.

Mzee wa Kisarawe

Marahaba mwanangu. Huyo ni komba mkubwa, yule yule anayekunywa tembo la mnazi mpaka watu wakapata msemo. Macho yake ukiyamulika na tochi yanarudisha rangi ya moto. Hana shida na wewe. Ila kule kwenye mapango wapo wazee wanaopaheshimu kwa mambo ya mizimu, kwa hiyo ukiambiwa na mwenyeji hapa hatupigi kelele au hapa tunavua viatu, unavua.

Mpwa wa Ilala

Mmeniogopesha lakini nataka. Maji ya kijitoni nakunywa hivi hivi? Yanatoka mlimani, masafi.

Mbeba Begi

Usafi wa macho tu. Juu yako huko kuna nyani, nyati na mtu mwingine aliyechimba shimo lake hatua tano kutoka kwenye maji. Yakiwa na tope chuja kwa kipande cha kanga safi kilichokunjwa mara nne. Halafu chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, ukiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu. Kama unabana spiriti, tumia dawa ya kutibia maji ya dukani kwa kipimo cha kwenye pakiti na ungoje nusu saa. Soma kipimo vizuri, vidonge vingine ni vya ndoo ya lita 20, si vya chupa yako. Chora alama ya lita kwenye dumu la kukunja kabla ya kutoka nyumbani.

Na maji yatafuteni mchana. Mkifika kambini kazi ya kwanza ni kujaza vyombo vyote, hata kama mmechoka, hata kama chai inatamaniwa. Gizani njia ya kijitoni ina mizizi, ina utelezi, na wanyama nao wanakwenda kunywa.

Kaptula

Mwezi gani mzuri? Nina likizo Aprili.

Mluguru wa Msamvu

Aprili ni masika, kaka. Utatembea kwa makalio. Juni mpaka Septemba ndiyo wakati wake, Oktoba mwanzoni inawezekana kabla vuli haijakolea. Likizo ya Aprili nenda kamwone bibi.

Baba Wawili

Kufika Mang'ula bila gari binafsi kukoje? Na watoto je? Wangu wana miaka 7 na 10.

Mbeba Begi

Usafiri: mabasi ya Ifakara kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, yanapita Mikumi, yanakata kushoto kuelekea Kidatu, Mang'ula iko mbele yake kandokando ya milima. Njia nyingine ni treni ya SGR mpaka Morogoro, unashuka, unakwenda Msamvu kudaka basi la Ifakara. Na reli ya TAZARA nayo inapita Mang'ula kwa mwenye muda. Lala mjini Mang'ula usiku wa kwanza. Usianze mlima ukiwa umetoka kwenye kiti cha basi.

Watoto: Mwanihana hapana kwa sasa. Wa miaka 10 anaweza kwenda Sanje na kurudi siku hiyo hiyo ikiwa ana mazoezi. Anza nao Pugu mchana, kila mmoja abebe maji yake mwenyewe kwenye begi la shule. Ikifika saa saba uone nani bado ana maji na nani anaomba ya mwenzake.

Baba Wawili

Mimi ndiye nitakayeomba.